Kaktasi Iliyotoa Maziwa

Mwaka wa 2007 nilikuwa nikifanya kazi katika hadiwea moja mjini Nakuru, duka la aina ile inayouza kila kitu kuanzia misumari hadi matangi ya maji. Nilisimama nyuma ya kaunta na kuwauliza watu wanajenga nini. Ukijua mtu anajenga nini unajua saruji ya kumpa, mbao za kumpa, na hata kile atakachosahau na kurudi kukitafuta kesho. Kwa hiyo alipoingia mzee mmoja Singasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zimefungwa vizuri chini ya kidevu, akaomba kokoto ndogo kabisa na nusu gunia tu, nilimuuliza kama ninavyouliza wengine.

"Unajenga nini, Mzee?"

"Sijengi. Ni ya miiba yangu."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikampa kokoto, akaenda. Baada ya wiki moja hivi alirudi na mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini, na ndani ya mkebe kulikuwa na kitu cha mviringo, kama ngumi ya mtoto mchanga, kimejaa miiba myeupe. Akaniwekea juu ya kaunta.

"Ulitaka kujua ninajenga nini. Ni hii. Weka kwa dirisha. Maji, sahau."

"Nisahau mpaka lini?"

"Mpaka ukumbuke. Halafu sahau tena."

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Bahati. Kwetu mmea ukikauka ni aibu ya mwenye shamba, na mama yangu angeweza kupita nyumba ya mtu akajua tabia yake kwa kuangalia mahindi. Nikaupeleka ule mkebe nyumbani, nikauweka dirishani, na kila asubuhi nikamwagia maji yaliyobaki kwenye birika. Mwanzoni kile kitu kilinenepa, nikafurahi. Kisha kikawa laini. Kisha ngozi yake ikang'aa kama lengelenge, na siku moja nilipokigusa kilianguka upande, na ndani hakikuwa na kitu ila maji yenye harufu mbaya.

Sikuelewa. Mmea wa jangwani, ulioumbwa kwa kiu, ungewezaje kufa kwa kunyweshwa? Nilibeba ule mkebe hadi kazini, na mzee alipokuja tena nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakohoa.

"Umeipea maji kama sukuma wiki!"

"Lakini ilinenepa kwanza."

"Ndiyo. Ilikuwa inazama."

Nadhani alinionea huruma, maana alinialika nyumbani kwake Jumapili moja mchana. Mkewe alitupatia chai yenye tangawizi na iliki, akatuacha. Nyuma ya nyumba hapakuwa na nyasi. Palikuwa na matuta ya kokoto na mawe, na juu yake mimea ambayo sikuwahi kuiona: mingine mirefu kama nguzo, mingine bapa kama sahani zilizopachikwa moja juu ya nyingine, mingine haina miiba kabisa ila majani manene yaliyojipanga kama waridi la mawe. Alinionyesha namna ya kukata kipande na kukiacha kidonda kikauke kivulini kabla ya kukipanda. Alinionyesha namna ya kushika yenye miiba kwa gazeti lililokunjwa. Kuna jambo lingine alilonieleza kuhusu zipi ni kaktasi za kweli na zipi zinafanana nazo tu, lakini mchana huo nilikuwa nimepewa mambo mengi mno, na hilo likanipita.

Niliondoka na vipande vitano na kitabu kikubwa cha picha, cha Kiingereza, jalada limeachana na kurasa.

Tulikuwa tukiishi kwenye ploti, vyumba vimepangwa pande mbili na uwanja wa saruji katikati, bomba moja, kamba za nguo. Mume wangu alifanya kazi Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke, akija nyumbani mara moja au mbili kwa mwezi. Chumba cha kutazamana na changu kilikuwa cha mwanamke wa rika langu kutoka Keringet, aliyeuza maziwa na kabeji kwenye kibanda nje ya geti. Hakuwa na mtoto, nami sikuwa naye, kwa hiyo hatukuwa na jina la mtoto la kuitana kwalo. Tuliitana jirani.

"Jirani," aliniambia siku aliponiona nikipanga mikebe barazani, "watu wanapanda dania. Wewe unapanda miiba ya nini?"

"Ya kuangalia."

"Ya kuangalia." Alitikisa kichwa. Lakini jioni alikuja na kigoda chake akakaa karibu nayo.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya jioni. Mimi nilifungua kitabu cha mzee na kujaribu kujua kila mmea unaitwaje, na yeye akanitazama nikichanganyikiwa. Picha za kitabu zote zilikuwa na maua, na mimea yangu haikuwa nayo. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha kumi za vitu vya mviringo vyenye miiba myeupe, kila kimoja na jina lake, na mimi niliona kitu kimoja kimepigwa picha mara kumi. Nilikuwa na mmea wa majani manene uliokuwa wa kijani chini ya paa, na mwingine wa rangi ya waridi mwisho wa baraza. Nikaipa majina mawili tofauti. Mume wangu alipokuja akausogeza ule wa waridi kivulini bila kuniambia, na baada ya muda nao ukawa wa kijani. Ulikuwa mmea mmoja. Jua tu ndilo lililoupaka rangi.

Nilikata ndoo ya yogati kuwa vibao vidogo, nikaandika majina kwa kalamu ya wino mzito, nikavichomeka kwenye udongo. Kisha nikavichomoa na kuviandika upya. Jirani alikuwa akiniuliza akitoka kupimia wateja wake maziwa kwenye chupa, "Leo huyu anaitwa nani?" Yeye aliipa majina yake mwenyewe na hakuyabadilisha. Kulikuwa na Ngumi, nyingine ya aina ya ile niliyoiua. Kulikuwa na Masikio, ile ya sahani bapa. Ile yenye majani ya kunyooka juu, yenye mistari kama ngozi ya nyoka, aliiita Askari.

Mwezi wa Novemba mume wangu aliteremka kwenye gari la kampuni pale barabarani akiwa na gunia begani. Ndani yake kulikuwa na mawe mepesi, yale ya volkano ambayo ukiyatupa kwenye ndoo ya maji yanaelea, kwa sababu nilimwomba aniletee ya kuchanganya na udongo. Na chini ya mawe kulikuwa na shina nene la kijani lenye mbavu, urefu wa mkono wangu, na kwenye kila ubavu miiba iliyotoka miwilimiwili.

"Nimekuletea mkubwa wao," alisema. "Imeanguka kando ya barabara. Hiyo ndiyo kaktasi, siyo hivi vifaranga vyako."

Nilifungua kitabu. Ukurasa wa kaktasi za nguzo ulikuwa na picha iliyofanana kabisa, mbavu, rangi, hata ile miiba. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na uhakika. Nikaandika jina kwenye kibao bila kusitasita, na jirani akapiga makofi. Ningemwonyesha mzee, lakini dukani waliniambia amesafiri na mkewe kwenda kwa binti yao ng'ambo, na atarudi mwaka mpya ukishaingia.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi yakaja yale ambayo kila mtu wa Nakuru anayo ya kwake ya kusimulia. Sitajifanya nilielewa. Mume wangu alirudi kazini baada ya Krismasi, na muda mfupi baadaye barabara ya Naivasha ikawa haipitiki kwa mtu wa jina lake. Mimi nilizaliwa kwa watu wa kabila moja na nikaolewa na wengine, na jirani yangu alikuwa wa watu wa tatu, na ilikuwa kana kwamba kila redio iliyofunguliwa kwenye ploti ile ilitaka kujua tuko upande gani. Duka lilifungwa, likafunguliwa nusu siku, likafungwa tena. Kadi za simu ziliadimika. Watu walipita barabarani na magodoro kichwani wakielekea uwanja wa maonyesho, walikopiga kambi waliofukuzwa makwao, na wengine wakipita na magodoro wakitoka huko.

Mimi na jirani hatukuzungumza juu ya mambo hayo. Hatukukubaliana tusizungumze. Tuliongea juu ya Ngumi, iliyokuwa imetoa kitu kama kichwa cha kiberiti upande mmoja, na hatukujua kama ni ua au ugonjwa. Sasa nikikumbuka nashangaa kwamba watu wazima wawili waliweza kukaa jioni nzima wakijadili kichwa cha kiberiti, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwishoni mwa Januari lile shina la Olkaria lilianza kuinama. Nililigusa chini nikakuta limekuwa laini na la kahawia. Nadhani wasiwasi wa siku zile ulinirudisha kwenye tabia ya zamani, nikawa nalimwagia maji kila nilipokosa la kufanya. Nilikumbuka somo la mzee: kata juu ya panapooza, acha kidonda kikauke, panda upya. Asubuhi moja nikalilaza kwenye gazeti hapo barazani, nikachukua kisu cha jikoni, nikakata.

Likatoa maziwa. Sisemi maji, nasema maziwa, meupe, mazito, yakiruka kutoka kwenye ukingo wa kidonda kama limekamuliwa. Nilistaajabu. Nilimwona mzee akikata kaktasi zake na hazikutoa maziwa. Nikadhani ni usaha, kwamba uozo umepanda juu zaidi ya nilivyofikiri, kwa hiyo nikakata tena juu yake, na yakaruka zaidi, mengine yakanipata usoni. Nikajifuta macho kwa mkono uleule uliokuwa umelowa.

Moto ulioingia machoni mwangu siwezi kuulinganisha na pilipili. Nilipiga kelele. Na wakati huohuo, au labda muda kidogo kabla, kelele nyingine zilianza upande wa barabara, filimbi na mabati yakigongwa na watu wengi wakikimbia, na kwa muda fulani sikujua kama ninayemsikia ni mimi au ni wao.

Jirani alinikamata mabega. "Nini? Nani amekupiga?"

"Kaktasi!"

"Nini?"

"Kaktasi imeniingia machoni!"

Alinivuta hadi bomba, akaniinamisha kichwa, akamwaga maji kwa jagi, moja baada ya jingine, akinishikilia kope kwa vidole vyake nami nikimpiga mikono. Alimwaga mpaka nguo zangu zote zikalowa. Kisha akaniingiza chumbani kwake na kufunga mlango kwa komeo. Mchana niliona bado, kwa machozi. Kuelekea jioni taa ilikuwa na duara la rangirangi, na baadaye kukawa na ukungu mweupe tu, na maumivu kama mchanga wa moto chini ya kope.

Hospitali haikufikika siku hiyo. Kesho yake asubuhi, kulipotulia kidogo, alinifunika kichwa kwa leso yake, akanishika mkono, tukatembea njia za ndani hadi zahanati moja ya kanisa. Muuguzi alinisafisha, akaniwekea matone, akaniuliza ni mmea gani. Nikamwambia kaktasi. Akasema hajui kaktasi ya namna hiyo, na kwamba daktari wa macho hayupo, ameshindwa kupita. Akanifunga bendeji macho yote mawili na kumwonyesha jirani jinsi ya kuniwekea dawa.

"Nitaona tena?" nilimuuliza.

"Tuombe Mungu," alisema, na kwa sauti yake sikujua ni ndiyo au ni hapana.

Nilikaa chumbani kwa jirani. Alinilisha uji na maziwa, akanipeleka chooni, akaniwekea matone akihesabu kwa lugha yao. Na kwa kuwa sikuona, alikuwa macho yangu kwa kila kitu.

"Hizo kelele ni za nini?"

"Wavulana wanacheza mpira."

"Asubuhi hii?"

"Shule zimefungwa, jirani. Wafanye nini?"

"Na moshi?"

"Mtu anachoma takataka pale nyuma."

"Kila siku?"

"Manispaa haijakuja kuchukua."

Niliamini na sikuamini. Ukifungwa macho, mlio wa bati linalogongwa hauna sura. Unaweza kuwa wa fundi, unaweza kuwa wa onyo. Nilikuwa nikilala na kuamka bila kujua ni mchana au usiku, na kila nilipoamka nilimuuliza, na kila mara alikuwa na jibu jepesi. Nilimuuliza habari za mimea. "Ngumi imetoa ua," alisema. "Kile kichwa cha kiberiti kilikuwa ua."

"La rangi gani?"

"Kama lipstiki."

Nikajiambia hilo nalo ananibembeleza.

Mume wangu alipata laini siku moja. Sauti yake ilikatikakatika. Alisema wako ndani ya uzio wa kazini, wengi, wamelala sakafuni, na hawatoki. Nilimweleza juu ya macho.

"Ile kaktasi? Niliyokuletea mimi?"

"Ndiyo."

"Sasa nani yuko na wewe?"

"Jirani."

"Yule wa Keringet?"

"Ndiyo."

"Uko sawa lakini?"

Sikujua ananiuliza nini. Anauliza macho, au anauliza jirani? Jirani alikuwa hatua chache kutoka kwangu akikoroga uji, na simu yangu ilikuwa na sauti kubwa. "Niko sawa," nilisema, na laini ikakatika, na kijiko kikaendelea kuzunguka kwenye sufuria.

Wanaume walikuja getini mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, jirani akinisuka nywele ili kunipitishia wakati. Nilisikia geti, nyayo nyingi, kisha sauti ya mwanamume ikiongea lugha ya jirani. Mikono ya jirani iliacha nywele zangu. Alijibu kwa lugha ileile, haraka, bila kuinua sauti. Mwanamume akauliza jambo jingine. Akajibu. Nikasikia nyayo zikirudi nyuma, haraka kuliko zilivyokuja, na geti likafungwa.

"Walitaka nini?"

"Maziwa," alisema. "Nimewaambia yameisha." Akaendelea kunisuka, lakini alikaza sana, mpaka ikabidi nimwambie ananiumiza.

Mara ya pili walikuja wengine, na hawa waliongea lugha ya mama yangu. Jirani alikuwa amekwenda bombani. Nilimsikia akiweka ndoo chini. Mmoja wao, kwa sauti changa, akaniita mama kwa Kiswahili cha mtaani, "Mathe, huyu ni nani?"

Nilimjibu kwa lugha yetu. Nilimwambia ni dada yangu, ananitunza.

"Hafanani na wewe."

"Mimi simwoni," nilisema. "Nakuambia ninavyomjua."

"Na bwana yako ni wa wapi?"

"Yuko kazini."

"Nimeuliza ni wa wapi."

Nilisema kwamba mume wangu ndiye aliyenipa kitu kilichonipofusha, na kama wana neno naye, basi wapange foleni nyuma yangu. Sijui nilitoa wapi maneno hayo.

Kisha mwingine, mwenye sauti ya mtu mzima, akauliza, "Macho imekuwaje?"

"Kaktasi."

"Nini?"

"Kaktasi. Nilikuwa nakata kaktasi."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, kama cha mtu aliyepigwa na butwaa. Mwingine akamfuata. Halafu wakaondoka. Mpaka leo sijui walicheka nini, na sijui kwa nini kucheka kuliwaondoa. Jirani alikuja akakaa chini, mgongo wake ukiegemea magoti yangu, nguo zake zimelowa maji ya ndoo, na tulikaa hivyo.

Bendeji ilipofunguliwa pale zahanati, mwanga uliniumiza mpaka nikapiga chafya. Jicho la kushoto liliona. La kulia liliona kama kupitia kioo cha bafu, nalo likasafika polepole majuma yaliyofuata. Tulirudi kwa njia kubwa mara hii. Nyumba mbili za upande wa pili wa barabara hazikuwa na paa. Kibanda cha jirani cha maziwa hakikuwepo, palikuwa na jivu na mguu mmoja wa meza. Kando ya barabara palikuwa na viatu vingi, kimoja kimoja.

"Ulisema wanacheza mpira," nilimwambia.

"Ulitaka nikuambie nini?"

"Kibanda chako kimechomwa."

"Nakijua kibanda changu."

Nilikuwa na hasira, na nilijua sina haki ya hasira hiyo, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja kifuani bila kupatana. Tulipofika ploti nilikwenda moja kwa moja barazani. Pembeni mwa Ngumi kulikuwa na ua lililonyauka, rangi imefifia lakini bado unaiona, kama lipstiki kabisa. Hilo lilikuwa kweli. Nikasimama pale nikijaribu kupanga yote aliyoniambia kwenye giza, lipi la kweli na lipi la kunituliza, na sikuweza.

Siku chache baadaye kaka yake alikuja na lori lililokusanya watu wa upande wa Kuresoi. Lilisimama barabarani bila kuzima injini. Alibeba godoro, jiko, sanduku. Nilimsaidia kubeba. Kaka yake hakunisalimia. Nilimpa jirani mkebe wa Ngumi, akakataa kwanza, akasema Keringet kuna baridi na umande, itakufa. Kisha akauchukua, akaupakata mapajani, na lori likaondoka.

Mzee Singasinga alirudi Machi. Nilimpelekea kile kipande kilichobaki, kimefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, naye alikiangalia kwa muda mfupi tu akakasirika, sijui kwa nani.

"Hii siyo kaktasi. Nilikuambia hii! Hii ni mti wa maziwa, ule uko kwa mlima wote huku mpaka kwa park ya wanyama."

"Lakini kitabu…"

"Kitabu, kitabu." Alivaa miwani, akachukua kaktasi ya kweli kwenye dirisha lake. "Angalia pale mwiba unatoka. Unaona kitakia kidogo cha manyoya? Kaktasi, kila mwiba umekaa kwa kitakia. Sasa angalia yako. Hakuna kitakia, miiba miwili tu kwa ngozi ngumu. Na ukitoboa kidogo na sindano, maziwa. Kaktasi haina maziwa."

Niliangalia kwa jicho la kushoto, kisha kwa la kulia, na kwa hilo la kulia vilikuwa bado kitu kimoja. Mkewe alileta chai, akaniinua kidevu na kunitazama macho, akanishika shavu.

Mume wangu naye alirudi. Alikonda. Alitupa lile shina lote kwenye shimo na kulifunika kwa udongo, ingawa sikumwomba, na kwa siku kadhaa hakuweza kunitazama usoni nikiweka matone. "Nilidhani nakuletea zawadi," alisema mara moja. Nilimwambia ilikuwa zawadi. Aliniuliza juu ya jirani, nikamweleza yote, na aliposikia habari ya wale waliokuja getini akatoka nje akasimama bombani muda mrefu, maji yakimwagika.

Mwezi wa Agosti, nilipopata likizo, nilikwenda Keringet. Nilikuwa na namba yake ya simu lakini haikuingia, kwa hiyo niliuliza njiani hadi nikafika kwao, mvua ikinyesha, viatu vimejaa tope. Mama yake alinikaribisha jikoni akanipa chai na kunitazama kwa wasiwasi mpaka jirani alipoingia na mzigo wa majani ya ng'ombe. Alisimama mlangoni.

"Jirani," alisema.

"Jirani."

Tulikaa karibu na moto. Tulikuwa na maneno machache kuliko nilivyotarajia. Ngumi ilikuwa imekufa kwa ukungu, kama alivyosema. Alitaka kuona macho yangu, akanivuta kope kwa vidole vyake vilevile. Nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua: wale wa kwanza, wa lugha yake, aliwaambia nini?

Alianza kucheka kabla hajasema. "Niliwaambia una ugonjwa wa macho, na unaambukiza. Na kwamba mimi nimeanza kuwashwa."

Mama yake alituuliza kwa lugha yao tunacheka nini, naye akamweleza, na yule mama hakucheka. Aliinuka akaniongezea chai.

"Utarudi Nakuru?" nilimuuliza wakati wa kuondoka.

"Sijui. Wewe ungerudi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikafikiria mguu ule wa meza, nikasema nami sijui.

Hakurudi kuishi. Lakini kuelekea mwisho wa mwaka alianza kuleta viazi sokoni mjini Jumamosi, na mimi nikawa napita huko nikitoka kazini. Hakuwahi kuja ploti, nami sikuwahi kumwalika. Nadhani kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aseme. Tulikunywa chai tumesimama katikati ya magunia, yeye akiniuliza habari za Askari na Masikio, mimi nikimuuliza za ng'ombe. Mteja akija katikati ya maneno, alikuwa akiniwekea mkono begani nisiondoke, akisema, "Ngoja kwanza nimpimie huyu," na mimi nikangoja.